Maua ya Asubuhi Moja

Kiziba, kaskazini mwa mji wa Bukoba, mtu akisema anakwenda shambani huwa ametoka mlangoni tu. Kibanja kinaanzia ukutani mwa nyumba na kwenda mpaka kwa jirani, na cha jirani kinaanzia hapo hapo, hivyo hivyo mgongo mzima wa kilima hadi pale udongo mzuri unapokwisha na rweya, ile mbuga ya nyasi, inapoanza. Nyumba yetu ilikuwa humo ndani. Ukipita barabarani huioni. Unaona migomba tu, na moshi wa jiko la Mama ukipenya juu ya majani.

Nilikulia humo miaka ya 1990, na kinachonijia kwanza nikikumbuka ni mwanga. Jua la kibanjani halikuwa lile la uwanja wa shule. Lilichujwa kwanza na mfenesi na mparachichi, kisha na migomba, mwisho na mibuni aliyoirithi Baba kwa babu. Chini kabisa, juu ya matandazo ya majani makavu ya migomba, lilifika vipande vipande, madoa yaliyosogea kila upepo ulipotoka ziwani. Ukanda wetu wa ziwa hupata karibu milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na chini ya miti ile maji hayakuwa na haraka ya kuondoka. Hata kiangazi kilipokaza, ukiinua matandazo kwa vidole ulikuta udongo mweusi, wenye unyevu, unaopitwa na mchwa na nyungunyungu.

Mama alikuwa na jicho la kivuli. Alipotembea kibanjani alitazama chini, si juu. Doa la jua likizidi upana wa ungo alijua upande ule kuna mgomba wa kuachiwa chipukizi moja zaidi. Akikuta mashina ya mibuni yameanza kushika ukungu, alituma mtu kupunguza majani ya migomba siku hiyo hiyo. Hakuwa amefundishwa na mtu wa kilimo. Alifundishwa na bibi, naye bibi na wa kwake, na naamini mpaka leo kwamba ule ndio ulikuwa utaalamu mkubwa kuliko wote niliouona kwetu, ingawa hakuna aliyemlipa kwa huo.

Mimea ya kutambaa tulikuwa nayo siku zote. Viazi vikuu vilikwea mfenesi, maboga yalitambaa mpaka paa la zizi. Lakini hiyo ni mimea ya sufuria. Vanila ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, na ilikuja kutoka Uganda, ambako watu wa Mukono walikuwa wameshaizoea. Mjomba ndiye aliyeyaleta marando, amepita nayo mpakani Mutukula, yamefungwa kwa kamba za mgomba. Yalikuwa manene kiasi cha kidole, kijani tupu, yana maji ndani. Kila pingili ilikuwa na jani moja nene upande mmoja na upande wa pili mzizi unaoning'inia hewani, unatafuta pa kushika.

"Kaka, hiki nacho kinapikwaje?" Mama aliuliza.

"Hakipikwi, dada. Kinanukisha vyakula vya Wazungu. Sisi tunauza."

Mama aliyageuza geuza mkononi, akasema, "Basi kitakaa na vyetu. Kisitufukuzie migomba."

Msimu mmoja kabla ya hapo, kwa maagizo ya mjomba, Baba alikuwa ameshapanda mbono kaburi katikati ya mibuni. Mti huu ni rahisi: unakata tawi, unalichomeka, linashika. Gome lake halibanduki ovyo, hivyo mizizi ya vanila ikishika imeshika. Majani yake si mazito. Na hutoa matawi mahali mkono wa mtu unapofika. Marando hayakupandwa siku yalipofika. Yalilazwa kivulini siku kadhaa mpaka yakasinyaa kidogo na jeraha la kisu likakauka, maana rando bichi likifukiwa mara moja huoza. Utomvu wake unawasha. Mdogo wangu aliushika akajikuna mkono mpaka usiku.

Tulipopanda, tuliondoa majani ya pingili tatu za chini, tukalilaza rando kwenye mfereji usiozidi kina cha vidole viwili, tukalifunika kwa majani yaliyooza na kuiacha ncha ya nyuma nje isije ikaoza. Sehemu ya juu ilifungwa kwenye mbono kwa ukambaa wa mgomba, bila kukaza. Kuanzia siku hiyo jembe lilipigwa marufuku upande ule wa kibanja. Mizizi ya vanila haishuki. Inatawanyika chini tu ya matandazo, na pigo moja la jembe huijeruhi na kuikaribishia maradhi ya kuoza. Magugu tuling'oa kwa mkono, tumechutama, na matandazo tuliongeza kila mara.

Kisha tukangoja. Rando jema huchukua karibu miaka mitatu kabla ya kutoa ua, na katikati hapo lina tabia ya kukimbilia juu. Ukiliacha litapanda mpaka kileleni, majani mazuri, ua hakuna. Vanila huchanua vizuri pale inaponing'inia. Kwa hiyo kila baada ya muda Mama alipita akiyabandua marando kwenye shina taratibu, anayapitisha juu ya panda la mbono, anayashusha upande wa pili mpaka yaguse matandazo. Hapo chini yalitoa mizizi mipya, yakapata nguvu mpya, yakaanza kupanda tena. Baada ya miaka michache huwezi kujua rando lilianzia wapi. Mti mzima ulivikwa, na yote yalikuwa kimo cha kifua changu, mahali ambapo mtoto anafika bila kupanda juu ya kitu.

Ua la kwanza lilitoka baada ya kiangazi, mvua za vuli zilipoanza kurudi. Kiangazi kina kazi yake hapo: vanila isipoonja ukavu kidogo haioni sababu ya kuchanua. Kwapani mwa jani palitokea kishada kifupi chenye vitumba vingi vilivyobanana. Siku moja alfajiri kimoja kilikuwa wazi. Rangi yake ni manjano iliyochanganyika na kijani, imepauka, kama nta. Vijani vitano vyembamba vimeachana, na katikati kuna mdomo uliojikunja kuwa mrija, ukingo wake una vishada vidogo vidogo. Harufu ni hafifu sana. Watu wengi huamini ua la vanila ndilo linalonukia ile harufu ya dukani, sivyo. Adhuhuri lilianza kulegea, na jioni lilikuwa limefumba na kuning'inia. Kesho yake likachanua jingine kwenye kishada kile kile, na lile la jana, ambalo hakuna aliyeligusa, lilianguka.

Hapo ndipo bwana shamba alipokuja kutufundisha kulichavusha. Vanila asili yake ni Mexico na nchi za jirani yake, na huko wamo wadudu wanaoweza kuingia ndani ya mrija ule. Kwetu hawapo. Poleni ya ua ipo juu, mahali pa kuipokea pako chini yake, na katikati kuna kiutando kidogo kama ulimi kinachozuia visikutane. Bila mkono wa mtu, ua hilo halizai kitu.

Kazi yenyewe ni ndogo, lakini haina mchezo. Unalishika ua kwa mkono wa kushoto, vidole vikilikinga kwa nyuma. Kwa njiti iliyochongwa, au mwiba wa mlimau, kama tulivyopenda sisi, unapasua mdomo wa mrija upande mmoja, unaufungua. Sasa unaiona nguzo nyeupe ndani, na juu yake tonge dogo la poleni, la manjano. Unapenyeza ncha ya mwiba chini ya kile kiutando, unakiinua juu, na hapo hapo kidole gumba cha mkono wa kushoto kinalisukuma tonge la poleni chini lishikane na sehemu yenye utelezi. Unabana kidogo. Unaachia. Aliyezoea hatumii hata muda wa kuvuta pumzi tatu. Baada ya siku mbili unarudi: ua lililokauka lakini limeng'ang'ania limeshika mimba, likianguka ukiligusa, halikushika.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, ndipo niliposoma nani aliyegundua namna hiyo, na nikakaa kimya muda mrefu. Ni mtoto. Jina lake Edmond Albius, alizaliwa mwaka 1829 katika kisiwa cha Réunion, mtumwa aliyezaliwa na mtumwa. Marando ya vanila yalikuwa yamefikishwa kisiwani humo karibu miaka 20 kabla, yakapandwa, yakachanua, yasizae. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamejaribu njia zao, hakuna iliyomfaa mkulima. Mwaka 1841 Edmond, mwenye umri wa miaka 12, alimwonesha bwana wake matunda mawili kwenye rando, akaeleza amefanya nini kwa kijiti na kidole gumba. Akatembezwa mashamba mengine awafundishe wenzake. Kutoka hapo Réunion ikatajirika kwa vanila, Madagascar nayo ikafuata, na wote wanaolima zao hili nje ya asili yake, Kiziba ikiwemo, wanatumia mkono ule ule. Edmond aliachwa huru mwaka 1848, utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Ufaransa. Alikufa mwaka 1880, maskini. Nilikuwa karibu na umri wake mimi nilipofundishwa, na hakuna aliyetutajia jina lake. Bwana shamba mwenyewe huenda hakulijua. Lingestahili kutajwa pamoja na somo.

Asubuhi za maua zilianza kabla ya jua. Ukungu wa ziwa ulikuwa bado umelala kati ya migomba, matandazo yamelowa, tumbili wanapiga kelele kwenye mfenesi. Mama alishika mstari wa juu, mimi na dada yangu wa chini, mdogo wetu akibeba kikopo cha miiba. Tulichavusha mpaka ilipofika saa ya shule, tukakimbia na miguu yenye tope. Mama aliendelea peke yake mpaka saa nne. Ukichelewa, umepoteza. Hakuna kusema nitamalizia kesho.

Aliweka sheria moja tusiyothubutu kuivunja. Kishada kinaweza kutoa maua 15 au 20, lakini tulichavusha nane, yakizidi sana kumi, na tulichagua yale yaliyoelekea chini ili matunda yanyooke. Mengine tuliyaacha yaanguke. Dada yangu yalimuuma. Mama alimwambia, "Mwanangu, usiutwishe mti watoto usioweza kuwalea."

Kati ya ua na tunda kuna miezi minane au tisa. Tunda hufikia urefu wake wote ndani ya miezi miwili ya mwanzo, likafanana na haragwe refu la kijani, halafu hukaa tu, miezi na miezi, linakomaa ndani kwa ndani bila kuonesha kitu. Halina harufu. Ukilivunja unaambulia utomvu.

Nasema wazi jambo ambalo kwetu lilikuwa likisemwa jikoni tu: kazi ile ilikuwa ya wanawake na watoto, kwa vile inataka vidole vyepesi na saa za asubuhi. Mizani ya wanunuzi ilipokuja, waliokwenda kupokea fedha walikuwa wanaume. Baba alikuwa mwungwana, alizikabidhi mezani. Si kila nyumba ilikuwa hivyo.

Na fedha zilikuja. Aprili 2000 kimbunga Hudah kiliipiga Madagascar, nchi inayotoa sehemu kubwa ya vanila ya dunia, na bei ikaanza kupanda. Kufikia mwaka 2003 kilo moja ya vanila iliyokaushwa ilikuwa ikiuzwa mamia ya dola katika soko la dunia. Wanunuzi walifika vijijini na mizani kwenye baiskeli, wengine wakivuka kutoka Uganda. Kibanja kikabadilika. Wezi walikuja usiku na visu, wakakata matunda pamoja na marando. Baba alilala nje na mbwa, kwenye kibanda cha majani ya migomba, na majirani vivyo hivyo. Ukiamka usiku ulisikia watu wakikohoa kibanja hadi kibanja. Kwa hofu ya kuibiwa watu wakavuna mapema, matunda ya miezi mitano au sita, ambayo hata yakaushwe na nani hayawezi kunukia sawasawa.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa jingine. Watu walianza kuondoa kivuli. Mtu alihesabu marando yanayoweza kukaa mahali pa mgomba mmoja, akaushika mgomba kwa panga. Mibuni ya miaka mingi iling'olewa. Wengine walitoka kabisa kibanjani, wakapanda vanila rweyani, mistari iliyonyooka, jua kichwani. Vanila inataka karibu nusu ya jua, nusu kivuli. Majani yale mazito yaligeuka manjano, yakapata mabaka ya kahawia, yakalainika, na mizizi isiyo na matandazo ikaiva kwenye udongo. Mama alipita njia ile akienda kisimani, akatazama chini kama kawaida yake. Hapakuwa na doa hata moja, kulikuwa kweupe kote.

Mwaka 2005 bei ilikuwa imeanguka. Madagascar ilikuwa imepanda upya, na nchi nyingi zilizoingia kwa bei ya 2003 zote zilianza kuvuna pamoja. Isitoshe, viwanda vilikuwa vimejifunza kutumia zaidi ile vanilini ya kutengenezwa, iliyojulikana tangu mwaka 1874. Wale wa mizani hawakuonekana tena. Watu waliong'oa migomba sasa waling'oa vanila, kwa hasira, wakaitupa njiani ikaendelea kutoa mizizi pale pale kwenye vumbi.

Yetu Mama hakuing'oa. Haikumkosesha ndizi wala kahawa. Ilikuwa imekaa na vyake, kama alivyosema siku ya kwanza. Mwaka ule aliyaacha matunda yakakomaa mpaka ncha zikaanza kuwa manjano, akayavuna kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza tukayaivisha wenyewe. Maji yalichemshwa na kuachwa yapoe mpaka mkono uweze kugusa na kurudi haraka, bila kukaa. Matunda yakazamishwa kwenye kikapu dakika tatu. Yakafungwa moto moto kwenye blanketi la sufu, yakawekwa ndani ya sanduku usiku kucha. Asubuhi yalikuwa yameanza kuwa rangi ya chokoleti. Kila siku yalianikwa jua la adhuhuri saa chache, yakafungwa tena yakiwa na joto lake, wiki baada ya wiki, mpaka yakawa meusi, laini, yanapindika kidoleni bila kukatika. Kilo tano au sita za mabichi hubaki kilo moja tu. Siku Mama alipofungua sanduku baada ya miezi, harufu ilitoka mpaka barabarani. Watu waliolima vanila miaka mingi walisimama uani kwetu wakauliza ni kitu gani. Hawakuwahi kuinusa, walikuwa wameuza mabichi siku zote. Aliwagawia kila mmoja tunda moja. Yaliyobaki alichomeka kwenye kopo la sukari, na chai ya nyumbani kwetu ikawa na ladha hiyo kwa muda mrefu.

Pigo la kweli kwetu halikuwa bei. Kuanzia mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliingia Kagera. Majani yanakuwa manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa utomvu wa manjano. Mama alifuata kila agizo: ua dume alilivunja kwa mti wenye panda, bila kugusa kwa kisu, panga alilipitisha motoni kati ya mgomba na mgomba, uliougua ulifyekwa na kufukiwa. Hata hivyo kibanja kilitoboka. Kwa mara ya kwanza nililiona paa la nyumba yetu nikiwa barabarani. Vanila upande ule ikaanza kuungua, sawa na ile ya rweyani.

Alichofanya ni kuikusanya. Marando yaliyosalia aliyahamishia chini ya mfenesi na mparachichi, mbono akaziacha zitanue matawi bila kuzipogoa, na mahali palipotoboka akapumzisha ardhi kabla ya kupanda migomba mipya kutoka upande usiougua. Sehemu kubwa ya vanila ilikufa. Iliyobaki ilichanua tena, na tulikuwa tumekwisha kuondoka nyumbani, mimi na dada yangu. Aliichavusha yeye, na watoto wa jirani.

Machi 2017 kimbunga Enawo kiliipiga Madagascar, na bei ikapanda tena kama ilivyopanda mwanzo. Tangu hapo vijana wa kwetu hunipigia simu kila bei inapotajwa redioni. Wanauliza marando yanapatikana wapi na kilo inauzwaje. Ninawajibu yote, kisha nawaomba jambo moja, na nakuomba nawe unayesoma ukiwa na kipande cha ardhi Kagera, Kilimanjaro, Morogoro, au Unguja: usikate mti hata mmoja kwa ajili ya vanila. Panda kivuli kwanza, msimu mzima kabla. Weka matandazo. Chukua marando machache, yale ambayo mikono ya nyumbani kwako inaweza kuyafikia kabla ya saa nne asubuhi, na wenye mikono hiyo wawepo mizani itakapoletwa.